Kutoka Kihansi hadi Bronx na Kurudi: Bustani za Wanyama na Wajibu wa Kurudisha

Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa uhifadhi wa wanyamapori, Morogoro

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wahadhiri, maafisa wa wanyamapori mliopo hapa, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa mwaliko huu. Mada niliyopewa inahusu nafasi ya bustani za wanyama katika kuokoa na kuhifadhi wanyamapori, nami natambua kwamba katika nchi yenye Serengeti, Ruaha na Nyerere mada kama hii huweza kuonekana ni ya watu wengine. Anayesafiri kwa basi kutoka hapa kwenda Iringa huwaona tembo na twiga wa Mikumi akiwa amekaa kwenye kiti chake, bila kulipa kiingilio cha mahali popote. Hata hivyo, katika milima ya mkoa huu huu yupo mnyama, chura wa Kihansi, ambaye leo asingekuwepo popote duniani lau si bustani mbili za wanyama za Marekani zilizomlea kwa muda wa karibu miaka kumi. Kwa hiyo nitaianza mada yangu kwake, kwa sababu kwake ndiko tunakoona wazi kile ambacho bustani ya wanyama inaweza kukifanya na kile ambacho haiwezi.

Naomba niutaje msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nami apate nafasi ya kujiandaa. Bustani ya wanyama huokoa pale tu inapomlea mnyama kwa niaba ya makazi yake ya asili, huku njia yake ya kurudi ikitengenezwa na watu wanaojulikana, kwa fedha zinazojulikana. Pasipo njia hiyo, kinachofanyika ni maonyesho. Maonyesho si kosa, na mengine yana faida kubwa kwa watoto wa mijini, ila tusiyaite uokoaji.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye miteremko ya Milima ya Udzungwa, mahali ambapo wilaya za Kilombero na Mufindi zinapakana. Wanasayansi walimpa jina la *Nectophrynoides asperginis*. Ni chura mwenye rangi ya manjano inayong'aa. Jike hafiki sentimita tatu kwa urefu na dume hafiki sentimita mbili. Tofauti na vyura wengi tunaowafahamu, hatagi mayai majini yakawa viluwiluwi, bali jike huzaa watoto walio hai, kila mmoja akiwa na ukubwa usiozidi punje ya mchele. Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta 2 za ardhioevu chini ya maporomoko, ambako maji yaliyokuwa yakianguka kwa kishindo yalirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima, juu ya kuvumwani na majani mafupi. Katika eneo hilo dogo waliishi vyura kwa maelfu. Hakuna korongo jingine lolote lililowahi kupatikana likiwa na chura huyu.

Wakati anagunduliwa, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ya Chini ulikuwa umekwisha kuanza. Mradi huo, uliogharimiwa kwa mikopo ya wafadhili kadhaa wakiongozwa na Benki ya Dunia, ulitumia kimo cha takriban mita 850 kati ya bwawa na mitambo ili kuzalisha megawati 180, kiasi ambacho kwa nchi iliyokuwa ikihangaika na mgawo wa umeme hakikuwa cha kudharauliwa hata kidogo. Uzalishaji ulipoanza, sehemu kubwa kabisa ya maji, karibu asilimia 90, iliacha kupita kwenye maporomoko na kuingizwa kwenye handaki la kuelekea mitambo. Manyunyu yakapungua ghafla, ardhioevu ikaanza kukauka na mimea ya pembeni ikaingia. Ndipo yalipofungwa mabomba yenye vichwa vidogo vya kunyunyizia maji, yaani mvua ya kutengenezwa badala ya manyunyu ya asili, na kwa muda hali ikaonekana kutengemaa.

Mwishoni mwa mwaka 2000, wakati mabomba hayo yakiandaliwa, ulifanyika uamuzi ambao baadhi ya watu waliuona kuwa wa kutia chumvi. Kwa makubaliano kati ya Serikali yetu na shirika la WCS, ambalo ndilo linaloendesha Bustani ya Wanyama ya Bronx mjini New York, vyura 499 walikamatwa korongoni na kusafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kisha wakagawanywa katika bustani kadhaa. Porini walikuwa bado wapo kwa maelfu. Aliyeuliza sababu ya kupeleka vyura ng'ambo ilhali korongo limejaa vyura alikuwa na hoja, na hoja hiyo ilidumu hadi katikati ya mwaka 2003, wakati hesabu ya vyura korongoni ilipofikia takriban 20,000.

Kisha wakafa. Katika kipindi cha miezi michache ya mwaka 2003 idadi iliporomoka, na kufikia Januari 2004 watafiti walioingia korongoni waliwaona vyura wasiofika hata watano. Katika mizoga iliyochunguzwa ilikutwa kuvu ya kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya amfibia na ambayo imeangamiza spishi nyingi za vyura katika mabara kadhaa. Wapo pia wataalamu waliolitaja tope lililofunguliwa kutoka bwawani karibu na wakati huo, na uwezekano kwamba lilibeba mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Mjadala wa chanzo umeendelea kwa miaka mingi na sikusudii kuumaliza hapa. Ninachotaka kukisema ni kwamba mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimtangaza chura huyu kuwa ametoweka porini, na kuanzia hapo kila chura wa Kihansi aliyekuwa hai alikuwa ndani ya chumba chenye kioo huko Marekani.

Ni rahisi kudhani kwamba kazi ya bustani ilikuwa kuwaweka tu vyura hao kwenye masanduku na kuwalisha. Ukweli ni kwamba nusura wafie mikononi mwa waokoaji wao. Bustani nyingi kati ya zile zilizowapokea zilishindwa kuwatunza, na kufikia Desemba 2004 vyura wote waliobaki chini ya uangalizi hawakufika 70, wakiwa katika bustani mbili tu, ile ya Bronx na ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Mtu anapochukua kiumbe aliyeishi katika hekta 2 zenye hali isiyobadilika, kila kitu huwa ni swali: ubora na chumvichumvi za maji, joto la usiku, mwanga wa jua wenye mionzi ambayo taa za kawaida hazina, minyoo ya mapafu iliyosafiri pamoja na vyura wenyewe, na chakula cha mnyama ambaye mdomo wake hauwezi kumpokea hata nzi wa kawaida.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ambayo bustani nzuri ya wanyama huifanya mahali ambapo mgeni aliyelipa kiingilio hafiki. Fikirini chumba cha nyuma kilichofungwa, chenye matangi ya vioo yaliyopangwa kwenye rafu, kila tangi likiwa na kuvumwani na kichwa cha kunyunyizia maji kinachofunguka kwa saa maalumu. Mhudumu anayeingia hubadili viatu mlangoni na kuvaa glavu, kwa sababu kuvu ya kitridi husafiri hata katika tone moja la maji. Yeye hufuga vilevile vijidudu vya kuwalisha vyura: nzi wadogo wa matunda wasioweza kuruka na wadudu wadogo wa udongoni ambao kwa macho huonekana kama vumbi linalotembea. Huvinyunyizia unga wa vitamini na madini kabla ya kuvimwaga ndani ya tangi, na baada ya hapo huhesabu: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, na nani wa ukoo gani asioane na nani. Kazi hiyo huanza upya kila asubuhi, sikukuu zikiwemo. Kwa uvumilivu wa namna hiyo vyura wasiofika 70 walirudi kuwa maelfu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo walirejeshwa nchini na kupokelewa katika kituo maalumu kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wahudumu Watanzania waliokwenda kujifunza katika bustani hizo ndio waliokabidhiwa kuwatunza. Mwaka 2012 kikundi cha majaribio cha vyura 48 kilirudishwa korongoni, na baada ya hapo wakafuata wengine kwa awamu, kwa mamia na kwa maelfu. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa amfibia aliyekwisha kutangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili.

Nimeliacha kwa makusudi swali la fedha, kwa sababu kila ninapoitaja habari hii huulizwa: je, ni haki kutumia mamilioni ya dola kwa chura asiyefika sentimita tatu, ilhali zipo zahanati zisizo na dawa? Swali hilo si la kubezwa. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo ilitokana na kuchelewa. Uchunguzi wa kina wa korongo ungefanyika kabla ya zege la kwanza kumwagwa, mgawanyo wa maji kati ya mitambo na maporomoko ungepangwa mezani kwa kalamu, wala pasingekuwa na haja ya kumpeleka mtu wala chura New York. Kwa hiyo anayekasirishwa na gharama za uokoaji ninamwomba aielekeze hasira yake kwenye tathmini za mazingira zinazofanywa kwa haraka, au zinazofanywa baada ya mkandarasi kufika.

Mabibi na mabwana, kisa hiki si cha pekee, na mfano mwingine unatuhusu kwa ujirani wa bahari. Choroa wa Uarabuni, yule swala mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alikuwa akimalizwa na wawindaji wenye magari katika majangwa ya Rasi ya Uarabuni. Mwaka 1962 msafara wa kuwakamata waliobaki uliongozwa na Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, na choroa hao wachache waliwekwa kwanza karantini Isiolo kabla ya kupelekwa katika Bustani ya Wanyama ya Phoenix, Arizona. Kundi la dunia, kama lilivyoitwa, lilianza na wanyama tisa tu waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali. Choroa wa mwisho wa porini aliuawa Oman mwaka 1972. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, wazao wa kundi la bustani waliachiliwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis nchini Oman, wakilindwa na Waharasi, wenyeji wa jangwa hilo, ambao walijivunia kurudi kwao.

Sehemu inayofuata ya habari hiyo husimuliwa mara chache. Kufikia mwaka 1996 choroa wa Oman walikuwa takriban 450, na ndipo wizi ulipoanza. Safari hii wezi hawakufuata nyama. Waliwakamata choroa wakiwa hai, hasa majike, ili kuwauza nje ya nchi kwa matajiri wenye mabustani yao binafsi ya wanyama. Kufikia mwaka 2007 walikuwa wamebaki 65, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na UNESCO ikalifuta katika orodha ya Urithi wa Dunia, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa eneo lolote kabla ya hapo. Spishi yenyewe, kwa bahati njema, ilikuwa imekwisha kurudishwa katika nchi nyingine za eneo hilo, na mwaka 2011 IUCN iliipunguzia kiwango cha hatari. Lakini tazameni jinsi uzio wa aina moja ulivyomwokoa mnyama na uzio wa aina nyingine ulivyomtorosha.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya namna hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka 2010, miezi mitatu tu baada ya vyura wa Kihansi kutua Dar es Salaam, ndege ya kijeshi ya Qatar iliondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ikiwa imebeba wanyama hai zaidi ya 130, wakiwemo twiga wanne. Suala hilo lilifika bungeni na mahakamani, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Kwa maoni yangu zuio hilo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Hata hivyo, lingekuwepo mwaka 2000 na kufuatwa neno kwa neno, vyura 499 wasingepanda ndege, na leo tungekuwa tunawaonyesha wanafunzi picha zao tu. Ndiyo maana naona kinachotakiwa kupimwa ni mkataba uliomo nyuma ya safari: mnyama anakwenda kwa nani, atakaa kwa muda gani, watoto wake watakuwa mali ya nani, na atarudi kwa masharti gani.

Mahali ambapo mkataba wa namna hiyo upo, matunda yanaonekana. Mwaka 2009 faru weusi watatu waliozaliwa katika Bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, waliletwa Mkomazi, na mwaka 2019 wengine watano kutoka bustani za Ulaya wakapelekwa Akagera, Rwanda. Bustani hiyo hiyo ya Cheki, hata hivyo, ndiyo inayotukumbusha kwamba kurudisha kuna wakati wake. Faru weupe wa kaskazini wanne waliletwa kutoka huko hadi Ol Pejeta, Kenya, mwezi wa Desemba mwaka 2009, kwa matumaini kwamba hali ya hewa na nyasi za Laikipia zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018, wakabaki majike wawili tu duniani, Najin na binti yake Fatu, na tegemeo sasa ni maabara, yaani kutungisha mayai nje ya mwili.

Kuna kazi nyingine ya bustani ambayo nisipoitaja nitakuwa sijawatendea haki majirani zetu. Kituo cha Entebbe, Uganda, kilichoanza mwaka 1952, na kile cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1964, vilianzishwa ili kulea wanyama yatima: mtoto wa chui aliyeachwa, kasuku walionaswa mpakani, sokwe aliyekutwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba ya mtu. Wengi wa wanyama hao hawawezi tena kurudi porini. Sokwe wanaotunzwa katika Kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, tangu mwaka 1998 wataishi huko maisha yao yote. Hiyo ni huruma, na ni utekelezaji wa sheria pia, maana askari wa wanyamapori asiye na mahali pa kumpeleka sokwe aliyekamatwa hatamkamata. Inastahili bajeti yake yenyewe na heshima yake yenyewe. Ninachokikataa ni kuhesabu wanyama hao katika ripoti kana kwamba spishi imeongezeka.

Ndugu zangu wanafunzi, nirudi Kihansi, kwa kuwa mambo hayajaisha kule. Vyura wapo korongoni, lakini manyunyu wanayoyategemea bado yanapita kwenye mabomba yanayoziba kwa mchanga na yanayohitaji mtu wa kupanda mteremko wenye utelezi kuyazibua. Kuvu ya kitridi haikuondoka na haina dalili ya kuondoka. Kwa sababu hiyo makundi ya Bronx, Toledo na Dar es Salaam hayawezi kufungwa, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Miradi ya wafadhili huwa na tarehe ya mwisho, ilhali nzi wa matunda hufugwa kila siku. Kituo kinachoendeshwa kwa fedha za mradi hupoteza kwanza wahudumu wake wenye ujuzi, na ujuzi wa kumtunza chura huyu hauwezi kupatikana upya kwa tangazo la kazi gazetini.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ninayoyaomba, na ninayaomba mbele yenu kwa kuwa wengine wenu ndio mtakaoketi kwenye ofisi husika. Gharama za kutunza chura wa Kihansi, korongoni na vituoni, zihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za kuzalisha umeme wa Kihansi, kama zinavyohesabiwa vipuri na matengenezo ya mitambo, badala ya kusubiri msaada kila mradi unapokwisha. Na vyuo vyetu vianze kufundisha ufugaji wa spishi zilizo hatarini kama somo kamili lenye maabara, kwa maana korongo la Kihansi limo katika Tao la Mashariki, safu ya milima yenye vyura wengine wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na miradi ya maji, barabara na umeme katika milima hiyo inaendelea kupangwa. Siku itakapohitajika tena kuwakamata vyura 499 kwa haraka, ningependa chumba chenye rafu, kuvumwani na nzi wa matunda kiwe kimekwisha kuandaliwa hapa hapa nchini, na mwenye funguo awe mmoja wenu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.